Gugu la Ng'ambo

Mama Vifungo alikuwa mshonaji. Jina hilo alipewa na wateja wake. Ukimletea shati lililochanika bega, alishona bega, kisha akaongeza na kifungo kilichopungua, hata kama hukumwomba. Alikaa peke yake. Alikuwa na chumba kimoja na varanda, karibu kabisa na ukingo wa ziwa. Mume wake alifariki zamani. Binti yake, mtoto wake wa pekee, aliolewa ng'ambo.

Ng'ambo ilikuwa nchi nyingine, lakini usidhani ni mbali. Hapo ziwa lilikuwa jembamba. Mtu mwenye macho mazuri aliona hata nguo zilizoanikwa upande wa pili. Mpaka wa nchi mbili ulipita katikati ya maji, na hakuna aliyewahi kuuona kwa macho. Kivuko kilikwenda na kurudi kila siku. Mama Vifungo alikuwa akipanda asubuhi, anaonyesha kitambulisho, na jua halijawa kali ameshafika kwa binti yake. Huko alikaa, alikula, alimsema binti yake kwamba hajui kupiga pasi, kisha alirudi nyumbani ameridhika.

Siku hizo zilikwisha. Sasa ziwa lote lilikuwa la kijani. Gugu lenye majani mapana yanayong'aa lilielea juu ya maji na kuyafunika. Lilikuwa na maua mazuri ya zambarau. Mgeni angesimama na kupiga picha. Wenyeji hawakupiga picha, walipiga miayo, maana kazi zilisimama. Gugu lilijisokota kwenye pangaboi ya kivuko mpaka injini ikazima. Nahodha alijaribu tena, akakwama katikati pamoja na abiria wake, wakavutwa kwa kamba kama ng'ombe aliyegoma. Nahodha akaapa hatoki tena. Kivuko kikafungwa gatini.

Basi kila asubuhi Mama Vifungo alifagia varanda na kuchemsha chai. Mazoea yana tabu. Alichemsha chai ya watu wawili, akanywa kikombe kimoja, kingine kikapoa mpaka akakimwaga. Kisha alikaa kwenye cherehani yake na kuanza kuongea nayo.

"Leo una nini wewe? Umeamka vibaya? Uzi wote huo unakata wa nini?"

Cherehani haikujibu. Ndiyo maana hawakugombana sana.

Miezi hiyo alikuwa anashona nguo ndogo. Binti yake alikuwa mjamzito. Mama Vifungo alimwahidi kwenye simu, "Siku yako ikifika nitakuwa hapo hapo. Nitakushika mkono. Usiogope, mwanangu." Aliahidi kwa moyo mmoja. Hakujua kivuko kitalala muda wote huo.

Je, barabara? Ilikuwepo. Ilizunguka ziwa zima, na ilibidi kulala njiani. Mguu wa Mama Vifungo ulikuwa mbovu. Akikaa kwenye basi kwa muda mrefu, unavimba mpaka hauingii kwenye kiatu. Daktari alimkataza kabisa safari ya namna hiyo. Kwa hiyo njia yake ilikuwa moja tu, ya majini, na njia hiyo iliziba.

Watu wa mtaa walilipa gugu hilo jina. Waliliita ng'ambo, kwa sababu lilitoka ng'ambo. Nani alisema lilitoka huko? Hakuna aliyeuliza. Kila mtu alijua tu.

"Umeiona ng'ambo leo?"

"Imejaa tele! Wale watu hawana haya. Wanatutupia uchafu wao."

Kila Jumamosi, Mwenyekiti wa mtaa alipuliza filimbi. Watu walitoka na miti mirefu. Walisimama ukingoni na wengine waliingia majini mpaka kiunoni. Wakalisukuma gugu kuelekea katikati ya ziwa. "Rudi kwenu! Rudi kwenu!" waliimba. Na Mama Vifungo, pamoja na mguu wake, alikuwa mstari wa mbele. Alisukuma kwa hasira. Kila msukumo ulikuwa na mtu wake. Huu wa mkwe wangu, aliyempeleka mwanangu mbali. Huu wa majirani zao. Huu wa nchi yao nzima!

Jioni maji ya ukingoni yalikuwa meupe. Watu walipongezana. Mwenyekiti alifuta jasho akasema, "Wiki ijayo kivuko kinatoka. Mtaona." Katikati ya wiki ng'ambo ilirudi, tena ilirudi na ndugu zake.

Siku moja simu iliita. Alikuwa mkwe wake.

"Mama, hongera. Umepata mjukuu. Mtoto wa kike."

"Ee! Na mwanangu je? Hajambo?"

"Hajambo, mama. Amelala." Mkwe alishusha sauti. "Alikuita sana."

Mama Vifungo alisema asante. Alisema wamsalimie. Alipokata simu, alikaa kwenye varanda na nguo ndogo mapajani, akatazama ule uwanja wa kijani. Upande wa pili ulionekana vizuri siku hiyo. Mtu aliweza kuona mabati ya nyumba yanavyometameta. Alilia kwa sauti. Hakuna aliyemsikia, na hilo ndilo lililomliza zaidi.

Wiki zikapita. Nguo alizoshona zikawa ndogo kabla hazijavaliwa, naye akaanza kushona kubwa zaidi. Kila jioni alipiga simu, na binti yake alimwekea mtoto simu sikioni. Mama Vifungo aliongea, mtoto alipumua. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Jioni moja alikuwa amechoka, na mguu ulimuuma. Uchungu wote aliokuwa ameufungia moyoni ukamtoka.

"Hao watu wa huko kwako wana roho mbaya sana! Wamenizibia njia. Mjukuu wangu anakua, mimi sijamshika hata kidole. Wewe unakaa nao, kwa nini huwaambii?"

"Niwaambie nini, mama?"

"Waache kutuletea magugu!"

Binti alikasirika. "Sisi? Mama, sisi ndio tunaoletewa! Mume wangu kila Jumapili anashinda majini na wenzake. Mgongo wake umekwisha kwa kusukuma hiyo ng'ambo yenu!"

Mama Vifungo alishtuka. "Kusukuma nini?"

"Ng'ambo."

"Subiri. Hilo gugu, huko mnaliitaje?"

"Si nimekwambia? Ng'ambo. Linatoka ng'ambo, kwenu."

Wote wawili walisikia mtoto akipiga chafya. Kisha Mama Vifungo akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu. Sisi Jumamosi tunawapelekea. Wao Jumapili wanaturudishia. Na huku tumetukanana kwa jina lile lile! Alicheka, alicheka, halafu machozi yakaja, na safari hii hayakuwa ya kicheko. Alikumbuka alivyosukuma mstari wa mbele. Kila Jumamosi alikuwa anajizibia njia kwa mikono yake mwenyewe.

Katika nyumba ile ile, chumba cha pili, alipanga dada mmoja, mgeni katika mtaa. Alifanya kazi ya kupima maji ya ziwa. Kila siku alitoka na kurudi na sanduku la chupa, kwa hiyo watu walimwita Dada Chupa. Alikuwa mpole, na hakuwa na ndugu pale. Asubuhi iliyofuata Mama Vifungo alimwita varandani.

"Njoo unywe chai, mwanangu. Ipo ya ziada. Nataka kukuuliza jambo."

Akamweleza habari yote. Dada Chupa hakucheka. Aliweka chini sanduku lake.

"Mama, gugu maji halina kwao. Upepo wa asubuhi unalipeleka kule. Mchana upepo unageuka, unalileta huku. Hata msiposukuma, linatembea. Mkisukuma, linatembea haraka zaidi."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Nilitaka kusema mkutanoni. Mwenyekiti akaniambia nisubiri mengineyo. Ilipofika mengineyo, watu walishaondoka."

"Mh! Mwenyekiti wetu huyo," Mama Vifungo aliguna. "Haya, mimi sijaondoka. Sema."

"Gugu hili linakula. Unajua chakula chake nini?"

"Maji?"

"Uchafu ulio ndani ya maji. Samadi na mbolea inayosombwa na mvua kutoka mashambani. Vyoo vinavyovuja. Maji ya sabuni." Dada Chupa alitazama karai lililokuwa pembeni. Humo Mama Vifungo alikuwa ameloweka vitambaa. "Hayo unayamwaga wapi, mama?"

"Mferejini."

"Na mfereji unakwenda wapi?"

Mama Vifungo aliugeukia mfereji, akaufuata kwa macho. Mfereji ulikwenda ziwani. Alikuwa anaulisha mlango uliomfungia nje.

"Kwa hiyo tufanye nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kwanza, tusilisukume. Tulivute nchi kavu. Tulitoe zima na mizizi yake. Tusilikatekate, maana kila kipande kinachobaki majini kinaota upya. Tulirundike mbali na ukingo, likauke kabisa. Pili, tupunguze chakula chake. Maji ya sabuni tuyamwage kwenye shimo, mbali na mfereji. Vyoo vinavyovuja vizibwe. Wenye mashamba waache nyasi ukingoni, zizuie mbolea isisombwe. Lakini mama, haya yote tukiyafanya huku peke yetu, ni kazi bure. Upepo utatuletea la kule. Wao wakifanya peke yao, ni vilevile. Lazima pande zote mbili, siku moja."

"Nchi mbili?"

"Nchi zenyewe zilishakubaliana. Zina mkataba wa ziwa hili. Mimi kila mwezi nampa vipimo vyangu mwenzangu wa kule, naye ananipa vyake. Na nikwambie, maji yao ni machafu kama yetu. Ipo pia mashine ya kuvuna magugu, huko kwao. Inavuna mpaka katikati ya ziwa, halafu inageuka."

"Inageuka? Kwani katikati kuna ukuta?"

"Kuna mpaka. Kibali chake ni cha upande mmoja. Mkataba unasema inaweza kuvuka, lakini mitaa ya pande zote mbili iombe pamoja na ifanye kazi pamoja. Hakuna aliyeomba. Wakubwa wametia sahihi. Sisi wa ukingoni hata salamu hatupeani."

Mama Vifungo alimimina chai nyingine. Kisha alivaa viatu vyake, kimoja kwa shida, akaenda kwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti alimsikiliza shingo upande. "Mama Vifungo, unataka nishirikiane na watu wanaotutupia takataka?"

"Nao wanasema hivyo hivyo juu yako."

"Uongo!"

"Uongo? Haya, ngoja." Akampigia binti yake, akaweka simu kwenye spika. "Mwanangu, mpe simu mwenyekiti wenu." Ilichukua muda, maana ilibidi binti atembee na mtoto mgongoni mpaka kwa mwenyekiti. Hatimaye sauti nzito ikatoka.

"Nani huyo?"

"Mwenyekiti. Wewe ni yule wa ng'ambo, siyo?" Mwenyekiti wetu alijibu kwa kiburi.

"Ng'ambo ni huko kwako! Mwenyekiti ni mimi!"

"Wewe ndiye wa ng'ambo!"

Walibishana vilivyo. Kila mmoja alimwita mwenzake mtu wa ng'ambo, na kila mmoja alikataa jina hilo. Mama Vifungo aliwaacha wachoke. Walipoishiwa pumzi, akasogeza mdomo kwenye simu.

"Wazee wangu, mmemaliza? Mimi nina mjukuu huko. Ameshaota meno mawili, sijamwona. Nanyi mnaitana majina. Mnajua nitakuwa hai mpaka lini?"

Mwenyekiti alitazama vidole vyake. Ile sauti nzito ikakohoa. "Mama, na mimi dada yangu yuko huko kwenu. Sijamwona tangu kivuko kilale."

"Nani? Yule mwenye genge la mboga?" Mwenyekiti aliuliza.

"Huyo huyo."

"Ah, shemeji yangu huyo, ameolewa na binamu yangu! Kwa nini hukusema?"

Basi, maneno yakalainika. Dada Chupa na mwenzake wa upande wa pili waliwaandalia ombi moja, wenyeviti wote wawili wakatia sahihi, likapelekwa kwenye ofisi za nchi zote mbili. Majibu hayakuja upesi. Ofisi ni ofisi. Lakini watu hawakusubiri. Jumamosi ilipofika, filimbi ililia huku, na pembe ikalia kule, saa ile ile. Hakuna aliyesukuma. Walivuta.

Wiki ya kwanza waliula wa chuya. Walirundika magugu pale pale ukingoni, mvua kubwa ikanyesha, yote yakarudi majini. Watu walivunjika moyo. Mwenyekiti alitaka kurudia kusukuma. Dada Chupa alimwonyesha tena mahali pa kurundika, juu kabisa, karibu na barabara. Ikabidi waazime mikokoteni. Jumamosi iliyofuata walianza upya.

Wengine waliacha. Wengine walikuja pale tu walipojua kuna anayepiga picha. Mama Vifungo hakukosa. Mguu haukumruhusu kuvuta, kwa hiyo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kusimamia rundo. Akiona mtu ametupa vipande majini, alimwita kwa ukali mpaka arudi avichukue. Nyumbani alichimba shimo la maji ya sabuni, kisha akapita nyumba kwa nyumba kuwaonyesha wenzake. Wengine walimcheka. "Mama Vifungo amekuwa bwana afya!" Alijikaza. Jioni alirudi chumbani, akawasha taa, akaongea na cherehani.

"Wamenichoka. Wewe je?"

Kwenye simu, pumzi za mtoto ziligeuka kuwa sauti. Kisha zikawa "ba-ba-ba". Binti alisema ameanza kutambaa. Mama Vifungo alifurahi kwa mdomo. Moyo ulimuuma. Mtoto alikuwa anatambaa kwenye sakafu ambayo yeye aliiona kwa mbali, kila siku, chini ya mabati yale.

Kibali kilikuja wakati baadhi ya watu wameshalisahau ombi. Siku hiyo mashine ilitoka upande wa kule, ikivuna polepole, majani yakipanda kwenye mkanda wake. Watu wa pande zote walisimama wakiitazama. Ilifika katikati ya ziwa, mahali ilipozoea kugeuka. Haikugeuka. Ilivuka mpaka kama vile hakuna kitu, kwa sababu kweli hakukuwa na kitu, palikuwa na maji tu.

"Imepita!" mtu alipiga kelele, na kelele ikajibiwa kutoka upande wa pili.

Gugu halikwisha lote. Dada Chupa aliwaeleza wazi: mbegu zake zinakaa kwenye tope miaka mingi. Ndiyo maana Jumamosi ya filimbi na pembe haikufutwa. Kila jani jipya likionekana, huku au kule, wanaambiana kwa simu siku hiyo hiyo. Vipimo vya maji vinaanza kuwa vizuri, ingawa si sana. Na watu wameacha lile jina. Wanaliita gugu maji, au wakiwa na hasira, gugu letu.

Nahodha alikagua ziwa, akakagua tena, akafungua kamba. Mama Vifungo alikuwa abiria wa kwanza gatini. Alikuwa na mfuko mkubwa wa nguo za mtoto, za kila umri aliokuwa ameukosa. Njia nzima alikazia macho gati ya ng'ambo. Moyo ulimdunda mpaka akaona aibu, mtu mzima kama yeye.

Binti yake alikuwa amesimama gatini upande wa pili. Alikuwa amekonda. Walishikana mpaka abiria wengine wakapita kwa pembeni. Kisha Mama Vifungo akanyoosha mikono kumpokea mtoto.

Mtoto alimtazama. Alitazama mikono yake na uso wake, akapiga ukelele. Alilia kwa nguvu zote, akamng'ang'ania mama yake shingoni na kuficha uso. Hakumjua mwanamke huyu. Hajawahi kumwona.

"Mama, usijali," binti alisema, na machozi yalikuwa yamemjaa. "Anaogopa wageni."

Neno hilo lilimchoma Mama Vifungo. Mgeni. Ndiyo, alikuwa mgeni, na mwaka ule hakuna atakayemrudishia. Alishusha mikono yake polepole. Alitafuta jiwe kando ya gati, akakaa, akaunyoosha mguu wake mbovu.

"Mwache alie," alisema. "Ana haki yake. Asiponizoea leo, atanizoea wiki ijayo. Kivuko si kipo?"